Mzaha Uliopewa Walinzi

Walipomfungua Nakijwa bandeji, mtu wa kwanza yeye kumwona nilikuwa mimi. Nililitaka hilo tangu mwanzo. Nililisema mapema kwa daktari, nikalirudia kwa muuguzi, kisha nikasogeza kiti mpaka magoti yangu yakagusa kitanda ili pasiwe na ubishi. Mke wangu alikuwa hajaniona vizuri usoni kwa muda mrefu. Presha ya macho ilianza kumla pembeni, ikaja katikati, mpaka akawa ananitambua kwa kikohozi. Sasa alipepesa kope, akatulia, akanitazama kuanzia nywele hadi kidevu, na nikajua kabisa kwamba ananiona.

Akacheka.

"Mchaga wewe," alisema. "Ndiyo umezeeka hivi? Mbona hufi?"

Naomba nieleweke. Mimi ni Mpare. Baba yangu alikuwa Mpare, mama yangu Mpare, nimezaliwa Usangi juu kule kwenye ukungu, na nimekuwa karani wa mahakama ya mwanzo mpaka nikastaafu, kazi ambayo watu husema Mpare anazaliwa akiijua. Nakijwa naye ni Mpare wa ukoo unaosimamia maji ya ndiva, yale mabwawa yetu ya mlimani, na kwa miaka mingi yeye ndiye aliyekuwa akigawa zamu za kumwagilia. Katika chumba kile Mchaga alikuwa mmoja tu. Alikuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi: Temu, fundi seremala, jirani yetu na mtani wetu wa siku zote.

Nakijwa akamwona Temu juu ya bega langu, na kicheko kikamwisha. Akavuta shuka likae vizuri, akashusha sauti, sauti ile ambayo nilidhani naijua mimi peke yangu.

"Baba Nanzia," alimwambia Temu. "Umekula lakini?"

Nanzia ni binti yangu. Hatuna mtoto mwingine, na hakuna ubishi juu ya nani alimzaa.

Temu alinitazama mimi. Mimi nilimtazama daktari. Daktari alitazama kioo chake kilichokuwa kikionyesha ubongo wa mke wangu, unang'aa vizuri kila mahali, afya tupu. Muuguzi, kwa kukosa la kufanya, akauliza nani anakunywa chai.

*

"Mzee Mgonja, kaa kwanza," alisema Daktari Tumpale tulipoingia ofisini kwake. Ni binti wa Tukuyu, mpole, na ana tabia ya kufuta meza isiyo na vumbi kila anapotafuta maneno.

"Nimekaa muda mrefu. Nataka kujua mke wangu kapatwa na nini."

"Walinzi wamefanya kazi, Mzee. Ndiyo shida yenyewe."

Habari za walinzi nilikuwa nimeelezwa kabla ya kukubali, na mimi nikielezwa jambo silisahau. Seli za neva hazioti upya kama majani. Ikifa moja, imekufa. Ugonjwa wa macho na ugonjwa wa usahaulifu, na Nakijwa alikuwa na yote mawili, ni ndugu, kwa sababu jicho si kitu cha pembeni, ni kipande cha ubongo kilichojitokeza nje kuchungulia. Kwa hiyo Kituo kile cha Mwanga, hospitali tuliyokuwamo, huchoma sindano nyuma ya jicho, na ndani ya sindano mna chembe ndogo mno ambazo zinapanda mshipa wa neva ya jicho kwenda juu. Hizo ndizo walinzi. Kila mlinzi huikumbatia seli inayodhoofika, akailisha, akaizolea taka, akaizuia isife.

Tatizo ni kwamba seli ni nyingi kupita walinzi. Hawawezi kukumbatia kila kitu. Wanakimbilia zile zinazowaka, yaani zinazofanya kazi katika siku za mafunzo. Ndiyo maana mgonjwa akishachomwa sindano, ndugu hukaa naye na kumsimulia maisha yake. Kinachowaka wakati huo hupewa mlinzi. Kisichowaka huachiwa Mungu.

"Unaikumbuka siku ya pili ya mafunzo?" aliuliza Daktari Tumpale.

Nitaisahau vipi. Siku ya kwanza na asubuhi ya siku ya pili niliongea mimi. Nilimsimulia Nakijwa maisha yetu kwa mpangilio, tarehe, mahali, nani alikuwepo, kama mtu anayetoa ushahidi. Kioo kikabaki kimepoa kama jiko la jana. Nakijwa alinisikiliza kwa adabu, uso umelala, na mimi moyo ulikuwa ukiniuma maana nilijua kila ninachokisema na kisiwake kinakufa.

Ndipo Temu akaingia. Alikuwa ameteremka na gari la waya, lile linaloning'inia kutoka mlimani, ana vumbi la mbao masikioni. Daktari alitaka kumzuia, nikamwambia hapana. Mtani hafukuzwi kwenye mlango wa mgonjwa, wala msibani hafukuzwi. Huo ndio utaratibu wetu na Wachaga tangu babu zetu walipochoka kupigana. Temu akasimama miguuni pa kitanda, akanionyesha mimi kwa kidole.

"Mke wangu," alimwambia Nakijwa, "huyu Mchaga anakusumbua tena?"

Nakijwa akacheka mpaka akakohoa. Kioo kikalipuka kwa mwanga.

"Mzee, endelea hivyo hivyo," daktari alimwambia Temu. Alikuwa na furaha kabisa. Sote tulikuwa na furaha. Temu akakaa kwenye kiti changu, akayasimulia maisha yangu yote akiwa amejiweka yeye mahali pangu. Akamsimulia harusi ya mvua, paa la kanisa likivuja juu ya kichwa cha mchungaji. Akamsimulia usiku ule ndiva ilipopasuka ukuta na Nakijwa akasimama kwenye tope mpaka magotini akigawa maji kwa kelele. Akamsimulia alivyozaliwa Nanzia. Mimi katika hadithi hiyo nilikuwa Mchaga mmoja ombaomba anayekuja kila jioni kuomba ndizi, naye ndiye Mpare halali mwenye mke. Alipokwama, mimi mwenyewe nilimkumbusha. Nilikuwa nacheka hadi machozi. Tangu Nakijwa augue hatukuwahi kupata siku nzuri kama ile.

"Lakini alijua ni mzaha," nilimwambia Daktari Tumpale. "Alikuwa anacheka."

Akaifuta meza. "Alijua. Ila mzaha, Mzee, unakaa sehemu mbili. Hadithi ina mahali pake. Ile alama kwamba hadithi hii si ya kweli ina mahali pengine, huku mbele, nyuma ya paji la uso. Kule mbele ugonjwa ulikuwa umetangulia. Alama ilikuwa ya mwisho mwisho, ikawaka siku ile kidogo tu, basi. Walinzi wakakimbilia kwenye moto mkubwa."

"Wakailinda hadithi, wakaacha alama ife."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo mimi sasa ni Mchaga."

Hakucheka. Nilitamani acheke.

*

Katika mahakama, mtu akikana jambo unaleta vielelezo. Kesho yake nikaleta vielelezo.

Nakijwa alikuwa amekaa kwenye kiti cha dirishani. Kutoka chumba chake unaona milima yetu yote, na upande wa pili unaona bwawa la Nyumba ya Mungu likiwaka jua. Alikuwa akiitaja milima kwa majina, mmoja baada ya mwingine, na mashamba yaliyo juu yake, na nani anastahili maji siku gani. Hakukosea hata mmoja. Nilisimama mlangoni nikimsikiliza. Miezi michache kabla alikuwa hakumbuki kama amekula.

"Mtani, ingia," alisema bila kugeuka. "Nimekuona kwenye kioo cha dirisha. Unanyata kama mwizi wa kuku."

Nikampa picha ya harusi. Akaisogeza karibu na macho, akaitenga mbali, akaisogeza tena, akifurahia tu kwamba anaweza.

"Ni mimi huyu. Nilikuwa mzuri, eti."

"Na huyo pembeni yako?"

"Baba Nanzia, kabla hajanenepa."

"Ni mimi, Nakijwa."

Akanitazama, akaitazama picha, kisha akanipigapiga begani kwa huruma. "Wewe hata ujana hukuwa nao. Ulizaliwa na mvi."

Nikatoa cheti cha ndoa. Jina langu limeandikwa pale, Elieneza Mgonja, kwa wino ambao haujafifia. Alikisoma chote mpaka muhuri. Kusoma nako kulikuwa kumerudi.

"Wewe si ndiye uliyekuwa karani wa mahakama?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Basi mihuri yote ilikuwa kwako." Akanirudishia. "Kesi ya nyani, hakimu ngedere. Kachukue ndizi mezani uende."

Nikachukua ndizi. Nilikuwa sijui nifanye nini kingine. Nilitoka nje nikaila nimesimama kwenye ukumbi, na haya ndiyo yaliyonichanganya: nilikuwa nimeumia, nimeumia sana, lakini mle chumbani Nakijwa alikuwa bado anacheka peke yake, na mimi ndiye niliyemchekesha. Katika ndoa yetu yote sikumbuki kumchekesha hivyo. Tulipendana kwa kubishana. Kicheko chake tulikuwa tunamwachia Temu.

Temu mwenyewe nilimkuta kwenye benchi la nje, amekunja mikono. Huyu ni mtu ambaye msibani kwa mama yangu alilala juu ya jeneza akadai ni kitanda alichokuwa ameagizwa. Sasa alinisogezea nafasi kwenye benchi bila utani.

"Kaniuliza kama nimefunga mlango wa zizi," alisema. "Nikamwambia nimefunga. Mgonja, mimi sina zizi."

"Ungemwambia ukweli."

"Nilimwambia jana. Nikamwambia, Mama Nanzia, mimi ni Temu, mtani wako, nilikuwa nakutania. Alinitazama kama nimemfukuza nyumbani kwake. Akalia." Alijifuta uso kwa kofia. "Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Nimewaambia watu wengi msemo huo, leo ndiyo nauelewa. Kila ninachosema kinakuwa kweli. Siwezi tena kutania. Nimenyang'anywa mtani wangu, na nimepewa mke ambaye simtaki."

"Humtaki kwa nini? Ana ubaya gani?"

Akanitazama kuona kama nimekasirika. Nilikuwa nimekasirika, na nilikuwa nimesikia jinsi nilivyosema, na sote wawili tukashindwa kucheka.

*

Daktari Tumpale alituita tena akiwa na karatasi moja. Safari hii hakuifuta meza.

"Walinzi bado hawajashika kabisa," alisema. "Gundi yao itakauka Alhamisi jioni. Kabla ya hapo kuna dawa ya kuwalegeza. Wakilegea, tunaweza kumfunza upya, hadithi sahihi, mume sahihi."

"Basi walegeze."

"Hawana majina, Mzee. Siwezi kumwita mmoja mmoja. Dawa inapita njia ile ile ya jicho, na inawaachisha wote. Kumbukumbu zake zina nguvu kiasi, zinaweza kusubiri mpaka tuwashike tena. Seli za macho zilikuwa hoi. Zikiachwa bila mlinzi hata siku chache, zinakwenda."

"Atapofuka."

"Ndiyo. Na safari hii haitakuwa kidogo kidogo."

Temu alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilimsikia akivuta pumzi.

"Muulizeni mwenyewe," nilisema. "Ni macho yake."

"Nilitamani iwe hivyo. Sheria ya walinzi haimruhusu mgonjwa kuamua juu ya kumbukumbu iliyofunzwa vibaya, maana anaamua kwa kutumia kumbukumbu hiyo hiyo. Anayesaini ni mwenza wa ndoa." Akaisogeza karatasi kwangu. "Ni wewe. Ukisaini tunalegeza. Usiposaini kabla ya jioni ya Alhamisi, tunaacha."

Nimeshika karatasi nyingi maishani. Hiyo ilikuwa inaniuliza kama niko tayari kumtoboa mke wangu macho ili aniite mume.

Jioni hiyo Nanzia alipiga simu kutoka Songea, uso wake ukajaa kwenye ukuta wa chumba cha wageni. Alikuwa analia na kucheka.

"Baba, Mama kaniona. Kaniambia nimekata nywele. Kaniambia hereni moja imelala vibaya."

"Alikuambia baba yako ni nani?"

"Aliniambia nimsalimie baba yangu, akamwelekezea Temu simu. Nilidhani anatania."

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono mdomoni.

"Sijui, Baba," alisema. "Ukiniuliza nikiwa namtazama, nasema acha aone. Ukiniuliza nikiwa nakutazama wewe, nasema mrudishe. Usinifanye nichague."

Sikumfanya. Lakini nilipozima nilibaki nimeutazama ukuta mtupu nikimwonea wivu. Yeye, Nakijwa anamwona na anamjua.

Temu, kwa upande wake, alikuwa na mpango. Alikuja nao Alhamisi asubuhi, na kwa mara ya kwanza tangu bandeji zifunguliwe macho yake yalikuwa na ule utundu wake.

"Tuseme hukusaini," alisema. "Anarudi nyumbani Usangi. Nyumba anaijua, jiko analijua. Atamtaka mumewe. Mimi siwezi kuhamia kwako, Mgonja. Hata nikihamia nitakuwa nalala kwenye paa."

"Utakuwa wapi sasa?"

"Kwenye kesi. Nimekwenda Moshi kwenye kesi ya mpaka wa shamba. Mpare akienda kwenye kesi, nani anauliza atarudi lini? Rufaa juu ya rufaa. Nitakuja Krismasi, nitamsalimia, nitamwambia jaji ameahirisha. Wewe mtani utakuwa unaangalia nyumba. Mtani anaingia bila hodi, anapekua sufuria, anakula, anatukana, anaondoka akitaka. Nani atamshangaa?"

Niliutafuta upungufu katika mpango ule, kwa maana ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote. Nikakuta mmoja tu.

"Na mimi nitakuwa nani kwake?" nilimuuliza.

Utundu ukamtoka machoni. Akaivaa kofia yake.

*

Mchana ule niliingia kwa Nakijwa na karatasi mfukoni na kalamu kando yake. Alikuwa dirishani pale pale.

"Kaa, mtani," alisema. "Nina neno, na usinicheke."

Nikakaa.

"Baba Nanzia ana nini?"

"Kwa nini?"

"Habishi." Alikunja kipaji. "Jana nimemwambia ukuta wa ndiva ulibomokea upande wa mashariki. Akasema ndiyo. Nikamwambia hapana, nimekosea, ni magharibi. Akasema ndiyo. Mume wangu hajasema ndiyo mara mbili mfululizo tangu anioe."

Nilikohoa kwanza.

"Ulikuwa upande wa magharibi," nilisema. "Na haukubomoka, ulipasuka. Kubomoka ni kwa mawe, ule ulikuwa wa udongo."

"Ulikuwa wa mawe chini, udongo juu."

"Mawe yaliwekwa baadaye, baada ya kupasuka. Ndiyo sababu yaliwekwa."

"Wewe Mchaga unajua nini habari za ndiva?"

"Najua kwa sababu nilikuwepo. Nilikushikia taa."

Akanitazama muda. Macho yake yalipita polepole usoni kwangu kama mtu anayetafuta ufa kwenye chungu. Nami nikamwambia. Nilimwambia yote, bila mpangilio wa mahakama, maneno yakinitoka ovyo: sindano, walinzi, Temu na kiti changu, kicheko, ile alama nyuma ya paji la uso, dawa ya kulegeza, macho yake. Nilimwambia mimi ndiye Baba Nanzia. Hapo alicheka, akajifuta machozi kwa pembe ya kanga, akasema, "Danganya tena." Nikaendelea. Nilipofika kwenye macho hakucheka.

"Unasema kweli au unatania?"

"Kweli."

"Mtani naye husema hivyo hivyo."

Ni kweli, husema hivyo hivyo. Hilo sikuwa nimeliona. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti pekee duniani ambacho mtu akikikalia haaminiki kwa lolote, na nilikuwa nimekikalia kwa haki kabisa.

"Hebu ngoja," alisema Nakijwa. "Kama si mzaha. Dawa yenu ikitiwa, nitakujua nisikuone. Isipotiwa, nitakuona nisikujue."

"Ndiyo hivyo."

Aligeukia dirisha. Kwenye waya wa gari la mlimani alikuwa ametua ndege mmoja, kwarara, anajichokoa ubawa.

"Huyo namwona mpaka kucha," alisema. Kisha akasema tena, taratibu, na sasa hapakuwa na utani hata chembe katika sauti yake. "Sielewi, mtani. Kichwa kinaniambia wewe ni mwongo. Tumbo linaniambia yule mwingine ni mgeni. Nikimtazama yeye, kila kitu kinalingana na hakuna kinachokaa. Nikikutazama wewe, hakuna kinacholingana. Nimwamini nani? Wewe uliyekaa mahakamani, ungeamuaje?"

"Karani haamui. Anaandika tu."

"Siku zote unakimbilia hapo," alisema.

Sijui alilitoa wapi neno hilo. Huko nyuma alinirushia mara nyingi, jikoni, kitandani, njiani kwenda kanisani. Huenda mlinzi mmoja alilipitia kwa bahati. Huenda hata watani nao huambiwa hivyo. Nilingoja aongeze, na moyo ulikuwa unanidunda hata aibu ikanishika. Hakuongeza. Alikuwa ameshaanza kutabasamu.

"Basi naamua mimi," alisema. "Kesi imeahirishwa. Uje kesho ubishe tena, na uje na mashahidi. Huyo mmoja wa mdomo hatoshi."

Kesho ingekuwa imechelewa. Alhamisi ilikuwa hiyo hiyo, na jua lilikuwa limeshapita katikati ya bwawa. Ningeweza kumwambia. Ningeweza pia kusaini pale pale juu ya goti langu, na baada ya wiki chache ningekaa kitandani kwake nikashikwa uso kwa vidole, nikaitwa jina langu. Nilitaka jambo hilo kwa nguvu iliyonitia hofu. Lakini alikuwa akinitazama. Alikuwa anazifuata mvi zangu moja moja, anazicheka, na nilijua kwamba nikiitoa kalamu ile, nitakuwa nimeamua kesi kwa faida ya karani.

"Kesho saa ngapi?" nilimuuliza.

"Asubuhi. Usichelewe kama kawaida yenu Wachaga."

Ukumbini Daktari Tumpale alikuwa ananingoja. Nilimrudishia karatasi kama alivyonipa. Aliigeuza upande huu na huu akitafuta saini, kisha akaelewa, akanipigia goti kidogo kama wanavyofanya kwao. Temu hakuwepo. Alikuwa ameshapanda mlimani kwake; kwa Nakijwa, ameshakwenda Moshi kwenye kesi.

Nililala kwa Temu mlimani usiku huo, maana nyumba yangu ilikuwa tupu, kwenye harufu ya mbao, na sikupata usingizi. Nilikuwa nakusanya hoja. Ukuta wa magharibi. Taa. Mchungaji na paa lake. Viatu vyangu vya harusi, ambavyo vilikuwa vya kuazima na vilinibana, jambo ambalo Temu halijui kwa sababu sikuwahi kumwambia mtu ila yeye mke wangu.

Asubuhi gari la waya lilikuwa na ukungu mpaka katikati ya mlima, kisha likatoka kwenye mwanga na nikaona Kituo kule chini, madirisha yote yanafanana. Nilikuwa bado nalitafuta la kwake nilipoona mkono unapunga. Alikuwa ameniona kabla mimi sijamwona.

Dirisha lilikuwa wazi. Niliposhuka na kukaribia nilimsikia akimwambia muuguzi, "Mchaga wangu huyo anakuja. Leteni kiti, kuna kesi."